Inzi Hawagandishwi

Watu wa idara ya biolojia walimwita Mama Inzi, na yeye aliitika. Alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake na shahada mbili zilizoning'inia ukutani, lakini jina la utani likishakuganda halibanduki, na isitoshe hili lilikuwa la kweli. Chumba chake mwishoni mwa korido kilijaa rafu za chupa. Kila chupa ilikuwa na pamba mdomoni, uji mgumu chini, na katikati inzi wa matunda, wadogo kuliko punje ya mtama, macho mekundu. Aliwajua wazazi wao, mabibi zao na mabibi wa mabibi zao. Wenzake walisema anawajua inzi kuliko anavyowajua wakwe zake. Huo ulikuwa uzushi, kwa sababu mama mkwe aliyeishi naye nyumbani hakuwa mtu wa kusahaulika hata kwa dakika moja.

Ugomvi ulianza rasmi siku Profesa alipoingia chumbani humo bila kubisha hodi, akavuta hewa mara moja na kuziba pua kwa leso. Profesa ndiye aliyekuwa mkuu wa idara, na zamani alikuwa mwalimu wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kuzungusha vifundo vya hadubini polepole, bila pupa. Mpaka leo alimwita "binti yangu", naye alimwita "Mwalimu", na heshima hiyo ilizidi kuutia ugomvi wao ugumu. Adui utamtolea maneno na moyo ukatulia, lakini mwalimu wako utamwanzia wapi?

"Binti yangu, chumba chako kinanuka kuvu."

"Kinanuka kuvu kwa sababu nachunguza kuvu, Mwalimu."

"Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wageni hawa wakikuta ukuta wako una madoa ya kijani, hapa hatapona mtu." Alinyoosha kidole kwenye rafu. "Chupa hizi zote ziingie kwenye friji ya kugandisha. Chumba kipakwe rangi. Halafu mbele ya wakaguzi utasimama, useme kwamba yale matokeo yako yalitokana na uchafu. Basi, tufunge ukurasa."

Ili jambo hili lieleweke, lazima kwanza ijulikane walichokuwa wanabishania. Miaka mingi iliyopita Profesa aliandika kwamba kuna aina moja ya kuvu ambayo mwili wa inzi hauwezi kupambana nayo. Mwili umelala, aliandika, na kinga pekee ni dawa. Sentensi hiyo ilimjengea jina, ikawekwa kwenye fremu pale mapokezi. Mama Inzi naye, akipita nyuma ya soko siku moja, aliona lundo la machungwa yaliyooza. Juu ya machungwa hayo wadudu wengi walikuwa wamekufa, wameota manyoya meupe ya kuvu ileile, lakini inzi wachache walitembea juu ya maiti hizo kama wenye nyumba. Aliwakamata. Akawazalisha. Akawapandikizia jeni ya alama, ambayo hung'aa kijani ndani ya tumbo la inzi, chini ya taa ya bluu, kila mwili wake unapoanza kutengeneza silaha ya kupigana na kuvu. Kisha akawanyunyizia kuvu, akawamulika, na matumbo yakawaka.

Profesa alizichukua chupa mbili za inzi haohao, akarudia jaribio kwenye chumba chake safi, na matumbo yakabaki giza. Akarudia tena, mpaka inzi wa chupa zile mbili wakaisha. Giza. Kwa hiyo akaamua kwamba ule mng'ao ulitokana na vijidudu vya kila namna vilivyojaa kwenye chumba kichafu, na kwamba mwanafunzi wake amejidanganya. Mama Inzi alijua alichokiona. Hakujua kwa nini mwalimu wake, mtu mwenye mikono safi kuliko daktari wa upasuaji, hakukiona.

"Sitawagandisha," alisema.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, binti yangu."

"Na ambaye hajashindwa akubali nini, Mwalimu?"

Profesa alimtazama kwa huzuni ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Kabla wakaguzi hawajafika nitachukua ufunguo," alisema, akatoka.

Friji ya kugandisha ndiyo kaburi la inzi. Chupa hulala humo usiku mmoja, asubuhi unamwaga takataka. Na ukoo ule wa machungwa haukuwa na chupa nyingine popote duniani zaidi ya zile zilizokuwa kwenye rafu zile. Ukifa umekufa. Mama Inzi alipiga moyo konde, akatafuta kapu kubwa. Alipanga ndani yake chupa za ukoo ule, akaongeza kisahani cha unga wa kuvu kilichofunikwa vizuri na tochi ndogo ya taa ya bluu, akafunika yote kwa mafungu ya mboga. Mlinzi wa getini alipochungulia na kumuuliza amebeba nini, alijibu, "Watoto," na mlinzi akacheka, akafungua geti.

Mume wake alikuwa fundi wa friji. Uani kwao palikuwa na friji mbovu za kila umri, zimesimama kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Alipoelezwa shida, hakuuliza maswali mengi. Alichagua friji moja iliyokaa kwenye ujia nyuma ya jikoni, akatia balbu ndani, akafunga kidude cha kupimia joto, akafunga mlango na kusikiliza.

"Dunia nzima wananiletea friji nizitie baridi," alisema. "Wewe peke yako umeniletea kazi ya kuitia joto."

"Ndiyo faida ya kuoa msomi."

"Faida nimeiona. Nasubiri hasara."

Hasara ilifika asubuhi iliyofuata. Friji hiyo ya ujiani, wote wawili walisahau, ndiyo iliyokuwa kabati la mama mkwe. Rafu ya chini alikunja humo nguo zake za kutokea, kwa sababu mlango wake ulibana vizuri na mende hawakupita. Mama mkwe alitaka kwenda kumwona mgonjwa. Alifungua mlango apate gauni lake la zambarau, akakuta taa inawaka, joto, na juu ya gauni lake mji mzima wa inzi. Aliingia jikoni ameshika chupa moja kwa vidole viwili.

"Mwanangu, hiki nini?"

"Shikamoo, mama. Ni inzi."

"Marahaba. Naona ni inzi. Tangu nihamie nyumba hii nawapiga inzi kwa kandambili, leo nawakuta wamepewa friji. Mimi mwenyewe sina friji inayofanya kazi, na mwanangu ni fundi." Aliweka chupa mezani, akavuta kigoda, akaketi. "Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Sikudhani walimaanisha nguo zangu. Haya, nieleze."

Mama Inzi alimweleza. Alimweleza kwa hamu zaidi kuliko alivyowahi kuwaeleza wenzake, pengine kwa sababu mama mkwe hakuwa na sentensi kwenye fremu. Inzi, alisema, hana chanjo, hana daktari. Mbegu ya kuvu ikimdondokea, inatoa uzi mwembamba na kuitoboa ngozi yake. Lakini ndani ya damu ya inzi kuna walinzi wanaoitambua kuvu kwa ukuta wake. Wanapeana habari, huyu kwa yule, mpaka habari inafika kwenye mafuta ya tumboni. Hapo jeni zilizokuwa zimefungwa zinafunguliwa, na mafuta yanaanza kutengeneza protini fupi fupi zinazoitwa peptidi. Hizo humwagwa kwenye damu, zinaing'ang'ania kuvu, zinautoboa utando wake hadi inavuja na kufa.

"Mafuta ya tumboni ndiyo yanayofanya kazi hiyo?"

"Ndiyo, mama. Kwa inzi."

Mama mkwe alijishika tumbo lake mwenyewe, ambalo halikuwa dogo. "Na nyinyi kila siku mnaniambia nipunguze."

"Sisi tunazo za kwetu, kwenye ngozi, mdomoni, mapafuni. Hata mimea inazo. Karibu kila chenye uhai kinajua kutengeneza silaha ya namna hii."

"Na huyo mwalimu wako anasemaje?"

"Anasema kwa kuvu hii mwili umelala. Anataka niwagandishe, halafu nisimame mbele ya wageni niseme nilikosea."

"Wewe umeona umelala?"

"Nimeona umeamka, mama. Nimeona kwa macho yangu."

"Basi kwa nini tunanong'ona?" mama mkwe aliuliza, na kwa kweli walikuwa wananong'ona. Alinyanyuka. "Gauni langu mtalifua nyinyi. Haya, hawa wanakula nini?"

Ndivyo mama mkwe alivyokuwa mpishi wa inzi. Mama Inzi alilazimika kwenda kazini kila siku asije akatiliwa shaka, na uji wa inzi haupikwi mara moja ukatosha. Alimwonyesha: unga wa mahindi, sukari, hamira, unga wa kugandisha, koroga mpaka uwe mzito, mimina ungali moto, uache upoe. Alimwambia vyote vya kutia. Visivyotiwa hakumwambia, kwa sababu hakuna anayekupa mapishi akakutajia na vitu vyote duniani visivyohusika.

Kazini Profesa alikuta rafu tupu. Aliuliza inzi wako wapi.

"Salama," alijibu Mama Inzi.

"Kwenye friji?"

"Kwenye friji, Mwalimu." Na hapo hakusema uongo.

Nyumbani aliuchukua ule unga wa kuvu, akawanyunyizia inzi wa chupa kadhaa, akangoja siku mbili. Siku ya pili jioni alijifunika blanketi kichwani kama mtu anayejifukiza, akawasha tochi ya bluu, akaangalia kwa kioo cha kukuza. Matumbo yalikuwa giza. Alijaribu chupa ya pili, giza. Aliwalaza wengine kwa baridi kidogo, akawageuza mmoja mmoja kwa brashi, akawamulika kwa karibu mpaka macho yakamtoka machozi. Hakuna hata mmoja aliyewaka. Walikuwa wazima, wananenepa, wanataga, na matumbo yao meusi kama usiku usio na mwezi.

Alikaa chini ya blanketi lile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyumba yake haikuwa chumba kichafu cha mwisho wa korido. Ukuta wake haukuwa na madoa. Na hapa, mahali safi, inzi wake walifanya kama Profesa alivyosema wangefanya. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aibu ile haikuwa ya kushindwa, bali ya kufikiri kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa mkaidi tu, na ukaidi akauita imani.

Kesho yake Profesa alimdai ufunguo na tochi, ambayo alishaona kwamba haipo. Alimpa vyote viwili, tochi akiitoa mfukoni.

"Umeangalia mwenyewe?" Profesa alimuuliza kwa upole.

Aligeuka akazitazama rafu tupu. Profesa alimgusa bega, na kwa mara ya kwanza maishani mguso wa mwalimu wake ulimkera.

Jioni alimwambia mumewe, "Labda Mwalimu yuko sahihi."

Mumewe alikuwa ameketi sakafuni, kazungukwa na vyuma. "Mteja akiniletea friji haigandishi," alisema bila kuinua kichwa, "sianzi na friji. Nawasha kwanza taa ya ukutani nione kama umeme upo. Siku nyingine friji nzima, umeme ndio haupo."

"Na hapa umeme ni nini?"

"Sijui. Mimi ni fundi friji. Nakwambia tu ulichoanza kukilaumu ni friji."

Neno hilo lilimkaa. Asubuhi alimwomba mama mkwe ampikie uji wa inzi huku yeye anaangalia. Mama mkwe alidhani anakaguliwa, akavuta mdomo, lakini akapika. Unga wa mahindi. Sukari. Hamira. Unga wa kugandisha. Akakoroga kwa mkono wa mtu aliyelea watoto wengi. Halafu, bila kusita, akafikia kwenye rafu ya juu, akashusha chupa, akatia kijiko kimoja.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Siki."

"Siki ya nini?"

"Uji wa kwanza ulianza kuota manyoya meupe. Nikasema hata kama ni inzi, wageni wa nyumba hii hawatakula uozo. Pilipili zangu za chupa natia siki, haziotei kitu. Na uji huu tangu nimeanza kutia, umekaa vizuri. Si unaona?"

Mama Inzi aliketi kwenye kigoda, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka, na mama mkwe akasimama na kijiko mkononi, hajui aghadhibike au aite watu.

"Nimekuharibia?"

"Mama, hujaniharibia. Siki imeiua kuvu. Imeiua kabla haijaota juu ya inzi, maana anashinda akitembea kwenye uji huo. Hakuna uzi uliotoboa ngozi, hakuna mlinzi aliyeona kitu, hakuna habari iliyofika kwenye mafuta. Tumbo liwake kwa ajili ya nani? Halikulala, mama. Halikuchokozwa."

Kisha kicheko kikamkatika ghafla, maana alikuwa amekumbuka jiko la idara.

Jikoni mule palikuwa na sufuria kubwa, na juu ya sufuria, kwenye ndoano, palining'inia kopo la dawa ya kuzuia kuvu. Kila uji wa idara ulitiwa kijiko cha dawa hiyo, ili chupa zisiote. Ilikuwa kanuni ya zamani, na kanuni ikishakuwa ya zamani haionekani tena. Yeye mwenyewe aliacha kuitia siku alipoanza kufuga ukoo wa machungwa, ndiyo maana chumba chake kikanuka. Ilikuwa wazi mno kwake kwamba huwezi kuchunguza vita na huku umemnyang'anya adui miguu. Hakuwahi kumuuliza Profesa kama naye aliacha. Na katika maandishi ya Profesa, kama katika maandishi ya watafiti wote, uji haukuelezwa. Iliandikwa tu: chakula cha kawaida.

Kwa hiyo Profesa alikuwa amezima moto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameandika kwamba kengele ya moto ni mbovu.

Wakaguzi walikuwa wanakuja baada ya siku mbili. Zilikuwa zinatosha, zinatosha kwa shida. Walipika sufuria mpya, wakahamisha inzi, wakanyunyiza unga wa kuvu uliobaki, wote, mpaka kisahani kikawa kitupu. Siku ya pili asubuhi baadhi ya inzi walikuwa wamelala chali na manyoya meupe. Wengine walikuwa wanatembea. Ndani ya matumbo yao kulikuwa na nini, hakuna aliyejua. Tochi ilikuwa kwenye droo ya Profesa.

"Nakuja nawe," mama mkwe alisema. Alikuwa amevaa gauni la zambarau, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Mama, ni mkutano wa watafiti."

"Aliyetia siki ni nani? Shahidi hukaa nyumbani?"

Wakaguzi walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mwenye mvi na miwani iliyofungwa kamba. Ukumbi ulinuka rangi mpya. Profesa alieleza mambo ya idara kwa ufasaha, akafika mwisho, akasema, "Binti yangu hapa ana neno fupi la kusahihisha."

Mama Inzi alisimama, kapu mkononi.

"Nina kosa la kueleza," alisema, na Profesa akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wiki iliyopita niliwahamishia inzi wangu nyumbani kwangu, kinyume cha amri. Niliwanyunyizia kuvu, nikawamulika. Matumbo yalikuwa giza. Niliamini nimekosea maisha yangu yote. Kisha nikagundua kwamba mama mkwe wangu, yule pale mwenye gauni la zambarau, alikuwa anatia siki kwenye uji wao ili usiote kuvu."

Watu wakacheka. Mama mkwe akainama kidogo, kama aliyetambulishwa kwenye sherehe.

"Mwalimu," Mama Inzi aliendelea, "wale inzi wangu uliowajaribu ulipata giza. Walikula uji gani?"

"Uji wa kawaida."

"Wa kawaida una nini ndani?"

Profesa alifungua mdomo ajibu haraka, na jibu likamfia ulimini. Hakuwa mjinga. Wote waliokaa karibu naye waliona uso wake unavyobadilika, taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta tundu.

"Una dawa," alisema. "Kila uji wa idara hii una dawa. Kanuni hiyo niliiweka mimi."

Mkaguzi mwenye mvi alivua miwani. "Kwa hiyo inzi mliowanyunyizia kuvu walikuwa wanakula dawa ya kuvu."

"Hiyo ni dhana," Profesa alisema, na sauti yake ikapata nguvu tena. "Siki ya jikoni si ushahidi. Kuondoa dawa chunguni hakutoshi kuonyesha kwamba mwili unapigana. Nataka kuona tumbo."

"Ndilo nililolileta." Alitoa chupa kapuni. "Hawa wamekula uji mtupu."

"Umeshawaangalia?"

"Taa unayo wewe, Mwalimu."

Minong'ono ikapita ukumbini. Profesa alimkazia macho. "Unaleta mbele ya wakaguzi kitu ambacho hujakiona mwenyewe?"

"Naam."

"Na wakiwa giza?"

Alikuwa amelifikiria swali hilo njia nzima. "Wakiwa giza nitawagandisha wote kwa mkono wangu, mbele yako. Na ile fremu ya mapokezi nitakuwa naifuta vumbi kila asubuhi."

Hadubini ililetwa. Profesa mwenyewe alitoa taa ya bluu na kuifunga, kwa sababu hata katika ugomvi hakuwa mtu wa kuvuruga kipimo. Mapazia yalifungwa. Inzi walilazwa kwa gesi, wakamwagwa kwenye sahani nyeupe. Mama Inzi aliwapanga kwa brashi, kisha akasogea pembeni bila kutazama, akampisha mkaguzi.

Mkaguzi aliinama.

"Huyu wa kwanza ni giza," alisema.

Hakuna aliyejongea. Mama Inzi alihisi mkono mzito wa mama mkwe umeshika wake, hakujua umefika saa ngapi.

"Wa pili naye." Mkaguzi alisogeza sahani kidogo. "Subiri kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu anawaka. Anawaka tumbo zima. Na huyu wa pembeni yake. Huyu pia." Alinyanyua kichwa. "Profesa, njoo uone."

Profesa aliinama juu ya hadubini. Alizungusha kifundo polepole, bila pupa, jinsi alivyomfundisha mwanafunzi wake zamani, na aliangalia kwa muda mrefu kuliko mkaguzi. Mng'ao wa kijani ulimpiga kwenye kope. Aliwahesabu waliowaka na wasiowaka, midomo ikicheza, kisha akaichukua ile chupa, akatazama waliokufa chini yake.

"Karibu nusu wamekufa," alisema, mgongo wake bado umeinama.

"Wamekufa, Mwalimu. Kuvu si mchezo. Lakini hawakufa wamelala."

Mkaguzi aliandika kitu, akafuta, akaandika tena. Baadaye mapazia yalipofunguliwa, Profesa alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chaki, "Warudishe inzi wako chumbani."

"Hawarudi mpaka dawa itoke chunguni."

Kuna watu ukumbini walioshusha macho, maana hakuna aliyewahi kumjibu hivyo mbele ya wageni. Profesa alisimama, akavaa koti lake, akatoka. Walimfuata kwa mbali kwenye korido. Aliingia jiko la idara, ambako sufuria ilikuwa inachemka, akanyoosha mkono juu ya mvuke, akalitoa lile kopo kwenye ndoano, akalitia mfukoni mwa koti. Halikuingia vizuri. Alisimama hapo na kopo limemtokeza ubavuni, akamwona mama mwenye gauni la zambarau mlangoni.

"Wewe ndiye mama wa siki?"

"Ndiye mimi," mama mkwe alijibu. "Nawe ndiye wa dawa?"

"Ndiye mimi."

"Basi karibu, mwenzangu. Mimi yangu iligunduliwa jikoni tu. Wewe yako imegunduliwa mbele za watu, pole."

Profesa alicheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe. Mama Inzi hakucheka, wala hakusema asante. Alichukua mwiko, akaukoroga uji, akaunusa, akauonja, akahakikisha haujatiwa dawa. Ndipo alipokwenda kuleta chupa.

Alirudisha zote isipokuwa moja. Hiyo mama mkwe aliizuia. Alisema mtu mzima akibadili mawazo asubuhi anaweza kuyabadili tena jioni, na kwamba tangu leo ukoo ule hautalala wote nyumba moja. Mume aliacha balbu iwake. Chupa ikabaki ndani ya friji yenye joto, rafu ya juu, juu ya nguo za kutokea, na mama mkwe aliipikia mwenyewe kila wiki. Siki aliihamishia chumbani kwake, akaifungia.